Anayeitika Nyuma

Jambo la mwisho la kawaida jioni ile lilikuwa tairi la nyuma. Alilibonyeza kwa kidole gumba, akaona limelegea, akachomoa pampu na kulijaza upepo palepale mbele ya lango la maabara ya maji. Mlinzi alimtazama kutoka kwenye kiti chake cha plastiki, mguu juu ya mguu.

"Mkemia," alisema mlinzi, "utu uzima wote huo, bado unapanda baiskeli kama mtoto wa shule?"

"Nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya kuongea peke yako? Wakata kuni wanakusikia huko msituni." Akatema mate pembeni. "Wanasema kaburini mmezika mgomba. Mkeo unaye huko juu, unamfuga."

Mkemia alifunga kizibo cha valvu, akavaa helmeti, akawasha taa. Tangu msiba alikuwa amejifunza kwamba maneno ya watu ni kama moshi: ukiupepea, unakuingia machoni wewe mwenyewe.

Njia ya mkato kutoka maabara hadi nyumbani ilipanda mlima, ikaingia msitu wa mikaratusi, kisha ikateremka kwa kona kali kando ya korongo. Barabara ya lami ilizunguka mbali. Kwa miaka mingi yeye na mkewe, aliyekuwa mchoraji ramani katika ofisi ya jirani, waliipita njia hiyo asubuhi na jioni kwa baiskeli za milimani, mmoja nyuma ya mwingine. Walikuwa na utaratibu wao. Anayeendesha nyuma haoni ardhi. Anaona mgongo wa mwenzake na vumbi. Kwa hiyo wa mbele huita: mzizi, jiwe, shimo. Wa nyuma huitikia kwa neno lilelile, ili wa mbele ajue kwamba amesikia na kwamba bado yupo. Wakiingia lango la nyumbani wa mbele husema, "Tumefika," na wa nyuma humalizia, "Tumefika."

Mkewe hakufia njiani. Figo zilimlaza, akafa hospitalini juu ya shuka safi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe. Hilo alikuwa na hakika nalo kuliko kitu kingine chochote duniani.

Aliporudi kazini baada ya matanga alipita njia ileile, na kwenye mzizi wa kwanza mdomo wake ukaita wenyewe. Mazoea yana taabu. Angeweza kuunyamazisha, lakini hakutaka. Kila jioni aliita, akaacha pengo la jibu, akaendelea kukanyaga. Lile pengo lilikuwa ndilo alilobakiziwa.

Hilo, na binti yao, ambaye walimpachika jina la Chiriku kwa sababu ya domo lake lisilotulia. Na sasa mama mkwe alikuwa amekuja kumchukua.

"Kesho naondoka naye," alikuwa amesema asubuhi, bila kumtazama usoni. "Mwanangu ulishamla. Huyu hutamla."

"Mama, mtoto haondoki."

"Tutaona."

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mlima alipoingia kwenye mikaratusi. Magome yaliyobanduka yalining'inia kwenye vigogo kama bandeji. Mwanga wa taa ulitangulia mbele yake, mdogo, wa njano. Mnyororo ulisaga. Alikuwa akiwaza namna ya kumkatalia mama mkwe bila kumvunjia heshima.

"Mzizi," akaita.

Pengo.

"Jiwe."

"Jiwe."

Alishika breki zote mbili. Tairi likaburuta, likasimama.

Kimya... Msitu una wadudu, una majani, haunyamazi hivi. Hiki kilikuwa kimya cha mtu aliyebana pumzi.

Akajiambia ni mwangwi. Lakini alikuwa mtu wa maabara, na hakuweza kujidanganya kwa muda mrefu. Mwangwi hauchagui. Ule wa "mzizi" ulikuwa wapi? Akapanda tena, akaendesha polepole, masikio yamemsimama.

"Shimo."

"Shimo," ikaitikia sauti nyuma yake. Karibu zaidi. Sauti ya mkewe, ile ya kupanda mlima, yenye pumzi fupi.

Mwingine angekimbia. Yeye alilia. Aliendesha huku machozi yakimtiririka ndani ya mikanda ya helmeti, na hakuthubutu kugeuka, asije akaona pengo tena.

"Ni wewe?" akanong'ona.

Akakanyaga pedali mara mbili tatu.

"Mke wangu... ni wewe?"

"Mzizi," ikasema sauti.

Hapakuwa na mzizi.

"Binti yetu tunamwitaje?"

Nyuma yake gurudumu likalia, trrrr, likanyamaza.

"Jiwe," ikasema sauti. "Kona. Nipo."

Hapo harufu ikamfikia. Aliijua. Ni harufu ya chupa ya sampuli iliyosahaulika kabatini, maji yamekosa hewa, yameoza chini ya kizibo. Na alipoivuta harufu ile alielewa jambo moja, akalielewa vizuri sana, nywele za shingo zikamsisimka. Kila neno lililotoka nyuma yake lilikuwa neno ambalo mkewe aliwahi kulisema njiani hapa. Hakuna hata moja la jikoni. Hakuna la chumbani, wala la hospitalini. Kilichomfuata hakikumjua mkewe. Kilikuwa kimemsikia tu akipita.

Miaka yote ile. Kimekaa pale, kinasikiliza.

Akakanyaga pedali kwa nguvu zote.

Miti ikaachia, korongo likafunguka upande wa kushoto, jeusi. Njia ikaanza kuteremka. Alivuta breki kwa uangalifu, kama siku zote.

"Ondoa breki, mzee."

Mkewe alikuwa akimtania hivyo kule juu penye tambarare, kwa kuwa alimwona mwoga wa mwendo. Alikuwa akisema huku anacheka. Sauti hii haikucheka. Na hapa hapakuwa tambarare.

"Ondoa breki."

Kitu kikagusa tairi lake la nyuma. Kidogo tu, kama mtu anayesukuma mlango kuona kama umefungwa.

"Ondoa."

Kikasukuma.

Baiskeli ikayumba, gurudumu la mbele likazunguka hewani juu ya korongo, naye akajitupa upande wa mlima. Taa ikapasuka kwenye jiwe. Alijiokota, goti linavuja damu, akapanda tena gizani na kuendesha kwa kumbukumbu, bila kuita hata neno moja. Nyuma yake mnyororo mwingine ulisaga taratibu, bila haraka, kama wa mtu ambaye hana wasiwasi wa kuachwa.

Akaliona lango. Taa ya barazani. Dirisha la jikoni na kivuli cha mama mkwe. Na kwa raha ya kuiona nyumba, mdomo ukateleza.

"Tumefika."

Alitamani alimeze neno. Maji yakimwagika hayazoleki.

"Tumefika," ikasema sauti, sikioni kabisa.

Mama mkwe alikuwa anamenya vitunguu. Kisu kikasimama.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu, mama. Nimeanguka."

"Nimesikia baiskeli mbili zikiingia." Alimtazama goti, kisha usoni, kisha mlango uliokuwa nyuma yake. Hakuonyesha huruma. "Mchuma janga hula na wa kwao. Lakini sikujua utatuletea mpaka mezani."

"Mama, mimi si mchawi."

"Nani kasema lazima uwe mchawi? Kila siku ya Mungu unapita huko unamwita asiyekuwepo. Msitu hauna mdomo, Baba Chiriku. Ukiuazima wako, unautumia." Akageukia korido, akapaza sauti. "Chiriku. Mletee baba yako maji ya kuosha kidonda."

"Abee, bibi. Nakuja."

Mtoto alikuwa chumbani kwake mwisho wa korido, akifanya kazi za shule. Kandambili zake zikasikika zikienda bafuni, maji yakafunguliwa, yakafungwa, kandambili zikarudi.

Kisha nje, chini ya dirisha la chumba kile, sauti ya mkewe ikatamka polepole, kama mtu anayejaribu kiatu kipya:

"Chiriku."

Jina hilo halikuwahi kutajwa njiani. Kilikuwa kimelijifunza hapa, sasa hivi, kwa bibi wa mtoto.

Mkemia aliingia koridoni akiburuta goti, mkono umenyooshwa kwenda kumziba mtoto mdomo. Mama mkwe alimfuata na kisu mkononi. Mtoto alikuwa amesimama katikati ya chumba, bakuli la maji kifuani, amelielekea dirisha.

"Usiitike," baba yake akanong'ona. "Mwanangu, usiitike."

Akageuka, akamtazama kwa mshangao.

"Nimeshaitika, baba. Ni mama."

Walifunga dirisha. Wakalala watatu kwenye kitanda kimoja, mtoto katikati, mama mkwe ameshika mkono huu na mkemia mkono ule. Hakuna jina lililotajwa tena ndani ya nyumba ile. Na huko nje hakuna kilichoita.

Hilo ndilo lililomnyima mkemia usingizi.

Kulipopambazuka alifungua kabati na kukunja mwenyewe nguo za bintiye, sketi za shule chini, sweta juu. Mama mkwe alisimama mlangoni akimwangalia. Alikuwa ameshinda, lakini hakuwa na uso wa mshindi.

"Kinamfuata anayeita, mama," mkemia alisema kwa sauti ya chini. "Nitapita msituni nikiita, nikivute huko. Nyinyi pitieni lami. Na njiani msimwite kwa jina."

"Na kama umekosea?"

"Sijui."

"Kama umekosea, sitakusamehe mpaka naingia kaburini."

"Najua, mama."

Gari la kukodi lilikuja. Mtoto hakuwa amesema neno tangu aamke, yeye ambaye asubuhi nyingine angekuwa ameshamuuliza dereva ana watoto wangapi na kwa nini gari lake linanuka petroli. Baba yake alichuchumaa kwa goti lile lililofungwa kitambaa, akamshika mabega.

"Ukisikia unaitwa, usiitike. Hata akilia."

Akaitikia kwa kichwa. Aliingia kiti cha nyuma baada ya bibi yake, akasogea mpaka akambana, kama mtu anayempisha mwenzake akae dirishani. Mkemia aliliona hilo. Hakulitilia maanani, alikuwa na haraka ya kuwahi msituni. Alifunga mlango mwenyewe.

Gari lilipoondoka alipanda baiskeli na kushika njia. Alianza kuita tangu langoni, kwa sauti ambayo wakata kuni wangeisikia kutoka upande wa pili wa mlima, na wacha waseme watakavyo.

"Jiwe."

Akasikiliza.

"Kona."

Ndege waliimba. Majani ya mikaratusi yalichezacheza. Alifika pale korongoni, akaona alama ya tairi lake kwenye ukingo, vipande vya kioo cha taa.

"Mzizi," akaita. "Mzizi. Nipo hapa. Mzizi."

Hakuna aliyeitika. Wadudu walikuwa wanalia, na hewa haikuwa na harufu yoyote ila ya majani. Ulikuwa msitu kama msitu mwingine wowote, mtupu, hauna habari naye.

Akasimama, mguu mmoja chini. Akilini akamwona tena binti yake akisogea kwenye kile kiti, akimpisha asiyeonekana.

Chini bondeni, kwenye lami, gari lilikuwa linaikaribia kona ya mwisho. Mkemia aliiacha njia, akaielekeza baiskeli kwenye majani marefu na kukata moja kwa moja kuelekea barabarani, akikanyaga bila kuita chochote.