Shimo la Mpakani

Kila asubuhi Mshonaji alifagia kibaraza, akafunika cherehani yake kwa khanga kuukuu, kisha akaenda kutazama mahindi. Alikuwa mjane. Cherehani ilimpa sabuni na chumvi. Chakula cha mwaka mzima kilitoka shambani.

Shamba lilikuwa la marehemu baba yake. Nusu alipewa yeye. Nusu alipewa kaka yake, Seremala. Katikati palikuwa na mpaka, njia nyembamba ya majani iliyoshuka hadi kwenye kichaka kando ya kijito. Mama yao mzee aliishi kwa Seremala, lakini hakukosa kwenda kwa binti yake. Alipita barabarani, akisalimia watu mlango kwa mlango. Akifika, habari zote za kijiji zilikuwa mdomoni mwake.

Asubuhi moja Mshonaji alisimama shambani akashika kichwa. Mabua yalikuwa yamelala chini. Mahindi machanga yalikuwa yametafunwa na kutemwa. Matuta ya viazi yalikuwa yamefukuliwa, utadhani yamelimwa na mlevi.

"Nguruwe pori," alisema. "Ee Mungu wangu, wameanza tena."

Upande wa pili, mke wa Seremala alikuwa akipalilia. Mahindi yake yalisimama wima.

"Pole, wifi!" aliita. "Wamekutembelea?"

"Wamenitembelea, na sikuwaalika. Kwenu hawakufika?"

"Kwetu kuna uzio. Si unajua mume wangu ni fundi?"

Ni kweli, Seremala alikuwa amejenga uzio wa mbao upande wa kichaka. Lakini aliujenga mbele ya nusu yake tu. Uliishia pale pale mpakani. Nguruwe walifika, wakanusa mbao, wakaufuata uzio mpaka mwisho, wakaingia kwa dada mtu.

Mshonaji alimfuata kaka yake karakanani. Alimkuta akipiga randa.

"Kaka, uzio wako unaniletea nguruwe. Tuuendeleze. Mimi nitakata fito."

"Mbao zimeniisha."

"Na hizo zilizoegemea ukutani?"

"Hizo ni kitanda cha mteja." Seremala hakuinua macho. "Wewe wafukuze. Nguruwe anaogopa kelele, na kelele Mungu amekujalia."

Mke wa Seremala alicheka. Mshonaji hakucheka. Alirudi kwake, akatafuta madebe matupu na fimbo.

Jioni, nguruwe walipotoka kichakani, aliwapigia madebe. Lakini hakuwafukuza warudi walikotoka. Alikwenda akasimama upande wa kichaka, akawaswaga kuelekea kwa kaka yake. Upande wa mpakani Seremala hakuwa na uzio. Alidhani kwa ndugu hakuna haja.

Kulipopambazuka, ilikuwa zamu ya Seremala kushika kichwa.

"Umewafukuzia kwangu!" alipiga kelele.

"Nguruwe hawana adabu, kaka. Mimi nimewaambia nendeni kwenu. Wao wakasema wanataka kwa fundi."

Majirani waliosikia walicheka mpaka wakashika mbavu. Laiti wangelia. Kuanzia siku hiyo kaka na dada walifukuziana nguruwe kama mpira, na uwanja ulikuwa chakula chao wenyewe. Nguruwe walikula kwa huyu wakifukuzwa, wakala kwa yule wakifukuzwa. Hawakurudi kichakani mpaka wameshiba.

Salamu zikakatika. Watu waliotoka tumbo moja walipishana kisimani kama wageni. Kila jioni, kabla ya kulala, Mama aliwaombea wote wawili. Aliomba kwa sauti kubwa, makusudi, ili Seremala asikie. Seremala alisikia, akajifunika shuka.

Ndipo alipochimba shimo.

Alilichimba kwenye njia ya mpakani, mahali nyayo za nguruwe zilipokuwa nyingi. Lilimfika kifuani. Alilifunika kwa fito nyembamba na majani, likapotea machoni. Alichonga na vijiti vikali vya kusimika chini, lakini mteja alikuja kudai kitanda chake, vijiti vikabaki karakanani. Aliyeambiwa habari hiyo ni mkewe peke yake.

"Tumwambie na Mama," mkewe alisema.

"Mama hana siri kwa binti yake. Akijua, dada naye atajua, atawapitisha nguruwe njia nyingine. Kazi yangu yote bure."

"Na Mama mwenyewe akipita?"

"Umemwona lini Mama akipita mpakani? Yeye na barabara, barabara na yeye."

Mkewe alichukua jembe akaenda kupalilia. Moyoni hakuridhika.

Mvua ilinyesha sana. Kesho yake barabara ilijaa tope, na Mama alikuwa na gauni lililochanika bega. Alitaka lishonwe. Mwana alikuwa karakanani, mkwe alikuwa kisimani. Mama alilitazama tope, akaitazama njia ya majani, akachagua majani.

Mshonaji alikuwa kwenye cherehani aliposikia yowe. Alikimbia mpaka mpakani. Aliona majani yamezama, na chini ya majani akaona kitambaa cha kichwa anachokifahamu.

"Mama!"

"Usisogee, mwanangu, ukingo unamomonyoka. Mguu umevunjika. Mwite kaka yako."

"Mimi na yeye hatusemeshani, Mama."

"Basi leo mtasemeshana."

Seremala alikuja mbio na ngazi begani. Alipofika ukingoni, aliiteremsha ngazi. Hakuuliza shimo ni la nani. Alishuka, akambeba mama yake mgongoni kama alivyobebwa yeye utotoni. Mama alikuwa mwepesi kuliko gunia la maranda. Kila hatua aliguna, na kila mguno ulimchoma mwanawe.

Hospitalini daktari alisema mfupa wa paja umevunjika. Utaunga, lakini kwa umri ule asitegemee kutembea kama zamani. Walisimama wote kando ya kitanda. Mshonaji alilia. Mke wa Seremala alitazama sakafu. Hatimaye Seremala alisema, "Mama, nilikuwa namtega nguruwe."



"Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe," Mama alisema. "Walikosea. Huingia mama yake."

Habari zilimfikia afisa wa wanyamapori. Watu walimwita Mama Buti, kwa sababu hata sokoni alikwenda na mabuti ya kazi. Alikuja, akalitazama shimo, akautazama uzio. Kisha akaketi karakanani juu ya gogo. Kaka na dada walikaa mbali mbali. Vile vijiti vilivyochongwa vilikuwa bado pembeni. Mama Buti alikishika kimoja, akagusa ncha yake kwa kidole, akakirudisha.

"Mungu amewahurumia kuliko mnavyojua," alisema. "Shimo hili lifukiwe leo hii. Mashimo yamekatazwa, na mitego ya waya imekatazwa. Havijui nani nguruwe, nani mtu."

"Na sumu?" aliuliza mke wa Seremala. "Kuna mtu alituambia tutie sumu kwenye boga."

"Sumu nayo haichagui. Itaua mbwa wako na kuku wako. Itaingia kijitoni. Na mwenye njaa akiokota mzoga akaupika, mtazika watu."

"Sasa tufanye nini? Tukae tuliwe?" Seremala alisema kwa ukali. "Wewe ungekuja mapema, haya yote yasingetokea!"

"Ningekuja. Nani alikuja kuniita? Ofisi yangu iko nyuma ya soko. Mlikuwa na nguvu za kuchimba, hamkuwa na nguvu za kutembea?"

Seremala alivitazama vile vijiti.

"Sikilizeni," Mama Buti aliendelea, kwa upole sasa. "Uzio wa nusu si uzio. Ni kibao cha kumwonyesha nguruwe njia ya kwenda kwa jirani. Zungusheni uzio mmoja mashamba yote mawili. Mbao ambazo mngezitia mpakani mtazitia kwingine."

"Lakini ule wangu wa kichakani waliuinua siku moja," alisema Seremala.

"Kwa sababu mbao zako zinaishia juu ya ardhi. Nguruwe haruki kama mbuzi. Anaingiza pua chini, anainua. Zika mbao ndani ya udongo, zibanane, na nguzo ziende chini sana. Halafu fyekeni ukanda mpana kati ya kichaka na uzio. Nguruwe anapenda kufichwa. Penye uwazi anasita."

"Na viazi vilivyooza?" aliuliza Mshonaji. "Huwa naviacha pale pale shambani."

"Basi huwa unamwita, dada yangu. Anasikia harufu hiyo akiwa mbali. Viondoe. Tena lindeni kwa zamu, majirani wote. Mkiwafukuza, wafukuzeni kuelekea kichakani, na muwaachie njia ya kutokea. Nguruwe aliyebanwa hupasua mtu. Mwenye watoto ndiyo kabisa, msimsogelee."

"Je, wakizidi?"

"Mje ofisini. Tuna zizi la mtego. Tunaweka chambo ndani na mlango tunauacha wazi, mpaka familia nzima izoee kuingia. Ndipo tunafunga. Ukikamata mmoja kwa pupa, wengine wanajifunza. Mtegoni hawaingii tena. Shambani wanaingia."

Mama Buti alisimama, akapangusa maranda kwenye suruali. "Nguruwe mnaweza kuwazuia," alisema. "Lakini nyinyi wawili mkiendelea hivi, mimi sina uzio wa kuwasaidia."

Siku hiyo Seremala alilifukia shimo. Mshonaji alikuja na jembe lake bila kuitwa, akafukia upande wa pili.  Udongo ulianguka, wakakanyaga pamoja mpaka ukashikamana.

Kazi ya uzio ilikuwa ndefu. Mshonaji alikata fito, Seremala akachimbia nguzo, mke wa Seremala akafyeka ukanda pamoja na majirani. Majirani wenyewe waliona aibu ya vicheko vyao. Zamu za ulinzi zilipangwa, na madebe yalipigwa kwa kuwaelekeza nguruwe kichakani. Kundi moja sugu lilizidi kusumbua mashamba ya chini. Safari hii watu walikwenda ofisini. Zizi la mtego likaletwa, mlango ukaachwa wazi kwa subira, na siku ulipofungwa kundi zima lilikuwa ndani.

Mahindi yaliyobaki yalikomaa. Hayakuwa mengi kama yangekuwa, kwa sababu mengi yalikwisha wakati wa kufukuziana. Lakini yalitosha. Msimu uliofuata hakuna tuta lililofukuliwa, na ghala za nyumba zote mbili zilijaa. Kaka na dada waliamkiana tena, ingawa utani wa zamani haukurudi. Kila mmoja alipima maneno kabla ya kuyatoa.

Siku ya kupukuchua, Mama aliketi kibarazani, mguu umenyooshwa mbele yake kama kitu cha mtu mwingine. Barabarani hakwenda tena. Habari za kijiji sasa alisubiri kuletewa, na walioleta walikuwa wachache. Watoto wake walikaa mkekani, rundo la mahindi katikati yao.

"Mavuno mazuri," Mama alisema. "Tumshukuru Mungu."

Seremala aliweka gunzi chini. Tangu hospitali alikuwa na swali, na tangu hospitali aliliogopa.

"Mama, umenisamehe?"

"Nilikusamehe mle mle shimoni, mwanangu, kabla hujaja na ngazi. Ningekufa na kinyongo, ningemwambia nini Mungu?"

Akaupapasa mguu wake taratibu, kuanzia gotini.

"Mguu ndio haujakusamehe."

 Seremala aliinama, akachukua hindi jingine, akaendelea kupukuchua.