Ulimi wa Utepe

Utepe ndio uliomtangulia machoni, kabla hajaiona maiti.

Inspekta alikuwa amepiga magoti kwenye ukingo wa shimo la kebo, tochi mkononi. Mwanga ulitua kwenye kebo nyeusi iliyokatwa katikati, vipande viwili vikining'inia ukutani. Ncha zote mbili zilikuwa zimezibwa. Zimezungushiwa utepe mweusi, ukabanwa vizuri kama kidonda kilichofungwa na muuguzi mwenye subira. Na mwisho wa utepe ulikuwa umekunjwa, ukawa kama ulimi mdogo, ili atakayekuja kuufungua asihangaike kuutafuta kwa kucha.

Kisha akashusha tochi, akamwona marehemu.

Amelala kifudifudi kwenye maji ya mvua, koti lake la rangi ya chungwa limevimba mgongoni. Kisogo kimepasuka. Kando yake, nondo ya kuinulia mfuniko wa zege.

Mtaa mzima ulimjua. Alikuwa msimamizi wa kazi ya kutandaza faiba, kebo ya mtandao, na wachimbaji walimpa jina la Leoleo. Ukimwambia udongo umelowa, leo. Ukimwambia sururu imevunjika, leo. Kila kitu kwake kilikuwa leo leo. Mfereji wake ulikuwa umepasua mtaa tangu duka la dawa hadi shuleni, na kwenye kila nguzo kulikuwa na bango: KASI MPYA, NYUMBANI KWAKO. Uzinduzi ulikuwa siku hiyohiyo, saa sita mchana.

Badala ya kasi mpya, kila kitu kilikuwa kimezimika. Nyumba zilizokwisha kuungwa hazikupata hata chembe ya mtandao, na watu walikuwa wametoka barabarani wamefura. Walihitaji mtu wa kumalizia hasira zao, wakampata. Alikuwa Sumaku, muuza vyuma chakavu wa nyuma ya gereji. Polisi walimkuta chini, shati limechanika, jino moja halipo.

"Mwizi wa nyaya!" mwanamke mmoja alipiga kelele. "Mtoto wangu anasoma kwa simu, huyu anatukatia!"

Mkuu wa kituo alifika, akachungulia shimoni, akajifuta viatu.

"Kesi imekwisha," alisema. "Sumaku amekutwa anakata kebo, amempiga msimamizi, amekimbia. Mwandikie mashtaka kabla ya saa sita. Wageni wanakuja, sitaki aibu."

"Sawa, mkubwa."

Mkuu alimpigapiga begani kwa furaha. "Huyu ndiye askari wangu. Haongei."

Ni kweli, haongei. Tangu aanze kazi, Inspekta alikuwa na jibu moja tu kwa wakubwa zake. Mengine aliyameza, na siku hizi yalianza kumkaba.

* * *

Kituoni, kwenye benchi la mapokezi, alikuwepo yule mama. Alikuwepo kila siku. Askari walimwita Mama Benchi, na wengine walimruka miguu kama ndoo ya maji machafu. Mwezi uliopita mwanawe, mchimbaji wa mfereji uleule, alipiga sururu kwenye waya wa umeme uliofukiwa, akafa palepale. Jalada liliandikwa kwamba marehemu alikuwa amelewa kazini. Jalada likafungwa.

"Mwanangu hanywi," mama alisema Inspekta alipopita, kama alivyomwambia kila apitaye. "Sitaki kitu kingine. Futeni neno hilo tu."

Inspekta aliinamisha kichwa, akapita.

Chumba cha mahojiano kilinuka jasho. Sumaku alikuwa amejishika taya.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Kwangu. Napasua friji."

"Nani alikuona?"

"Friji."

Askari aliyesimama mlangoni alicheka. Inspekta akamtazama, akaacha.

"Watu wanasema unauza nyaya."

"Nauza shaba, dada afande. Ile kebo yenu ndani ni kioo, vinyuzi kama nywele za bibi yangu. Nikauze kioo kwa nani? Kwa kinyozi?" Alitema damu kwenye kitambaa. "Na mwizi gani anakata kebo halafu anaiacha palepale ikining'inia? Wamenivunja jino kwa kitu ambacho hata bure sikichukui!"

"Ukikata waya, unaziba ncha?"

"Niuzibe ili iweje? Nimeukata au nimeutibu?"

Inspekta alifunga daftari. Jibu hilo ndilo alilokuwa akilitafuta tangu asubuhi.

"Mpe maji," alimwambia askari. "Na mtu yeyote asimguse."

* * *

Mhandisi mkuu wa kampuni alimpokea akiwa amesimama. Ofisini walikuwa wanapuliza maputo ya uzinduzi. Mtu wao alikuwa bado hajakauka, na maputo yanapulizwa.

"Fundi akikata kebo, anafanya nini?" Inspekta aliuliza.

"Anaziba ncha. Maji yakiingia, kebo inaharibika."

"Anaziba na nini?"

"Kofia ya plastiki. Ndio utaratibu wetu."

"Si utepe?"

"Utepe ni mambo ya kizamani. Afande, nina wageni. Mmeshamkamata mwizi, sivyo?"

"Yule kijana wa mwezi uliopita. Kuna mashine ya kupima nyaya zilizo chini kabla ya kuchimba. Siku ile ilipitishwa?"

Mhandisi alikaza tai yake. "Msimamizi aliona itawachelewesha. Lakini kijana alikuwa amelewa. Si maneno yangu. Ninyi wenyewe mliandika."

Inspekta alitoka ameuma meno. Nyuma yake puto lilipasuka, watu wakacheka.

Alirudi ofisini kwake, akaketi, akainua macho. Ukutani kulikuwa na kisanduku cheupe chenye taa, leo nyekundu. Kampuni iliwafungia bure wiki mbili baada ya jalada la kijana kufungwa, na Mkuu alipiga nacho picha. Chini ya kisanduku kebo iliingia kwenye tundu la ukuta, na pale ilipoingia ilikuwa imezungushiwa utepe mweusi.

Inspekta alisimama, akasogea mpaka pua ikakaribia ukuta.

Mwisho wa utepe ulikuwa umekunjwa. Ulimi mdogo.

Alikwenda mapokezi. "Nani alifunga kile kisanduku ofisini kwangu?"

"Fundi yule mzee wa kuunganisha, afande," askari wa zamu alisema. "Yule wote wanamwita Mjomba."

"Ni kaka yangu."

Sauti ilitoka kwenye benchi. Mama alikuwa amekaa wima.

"Mwanangu ndiye alimwita mjomba," alisema. "Wengine wakaiga. Kuna nini, mwanangu? Kaka yangu amefanya nini?"

Inspekta alizunguka kaunta. Alichukua pingu.

* * *

Alimkuta palepale mtaani. Maiti ilikuwa imeondolewa, na kampuni, kwa ruhusa ya Mkuu, ilikuwa imevuta kebo juu ili ikarabatiwe kabla ya wageni kufika. Walimweka fundi ndani ya kihema kidogo kando ya shimo. Kwa hiyo Mjomba alikuwa ameketi kwenye kigoda, akiiunga kebo aliyoikata mwenyewe.

Mkono mmoja ulishika unyuzi wa kioo usioonekana vizuri. Mwingine ulimimina spiriti kwenye kitambaa, akaupangusa unyuzi. Harufu kali ilijaa kihemani, ikachoma pua.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Subiri nimalize huu mmoja, mwanangu. Ukishika vumbi, umekufa."

Inspekta alisubiri. Mashine ndogo ililia mara moja, unyuzi ukaungana. Mzee akauweka chini taratibu.

"Utepe wako," Inspekta alisema, "unaukunja mwisho."

"Ili anayefuata asiteseke. Nimefungua tepe za watu mpaka kucha zikang'oka."

"Kofia za plastiki?"

"Zinavuja. Wanaojua hawazitumii. Hapa najua mimi tu."

"Kwa hiyo zile ncha za shimoni ni wewe uliyeziziba."

Mzee alitazama mikono yake. Nje mtu alikuwa anajaribu kipaza sauti cha sherehe.

"Ni mimi," alisema.

"Na Leoleo?"

"Ni mimi."

"Ulimpiga na nini?"

"Nondo ya mfuniko."

"Kwa nini?"

Mjomba aliinua chupa ya spiriti, akaitikisa, akaiweka mbele yake.

"Kwa hii."

Maneno yakatoka kama yalikuwa yamepangwa nyuma ya mlango.

"Siku aliyokufa mpwa wangu nilikuwa nafanya kazi mtaa wa juu. Begi langu nililiacha kwenye gari la Leoleo. Nilipofika nimechelewa, mtoto amelala chini, ananuka pombe. Shati, mdomo, kila mahali. Dada yangu akaniuliza, kaka, wewe ulikuwa naye kazini, alikunywa? Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, labda. Labda! Kijana ambaye hata soda inamkereketa koo."

"Endelea."

"Jana jioni nilikuwa shimoni, spiriti imeniishia. Nikamwambia Leoleo siwezi kuunga kioo kichafu, tusubiri chupa nyingine. Akaanza makelele yake, leo, leo. Akasema, 'Chupa nzima niliimaliza kwa mpwa wako, leo unataka nyingine?' Nikamuuliza, unasemaje? Akacheka. Akasema, 'Usijifanye hujui, mzee. Ni chupa yako. Mimi nilidhani umenyamaza kwa akili, ili usipoteze kazi.'"

Mzee aliisukuma chupa pembeni.

"Alidhani nilijua, mwanangu. Alifikiri mimi ni mtu wa kuona mtoto wa dada yangu anamwagiwa spiriti mdomoni, maiti, halafu nikae kimya nile ugali wangu. Nikachukua koleo nikakata kebo. Nikasema mtaa huu haupati kitu kilichopita juu ya damu yake. Akashuka kunizuia, akanivuta shati, akasema atamwambia Mkuu wa kituo anifunge. Nondo ilikuwa karibu."

"Ulitaka kumuua?"

"Nilitaka anyamaze." Akamtazama machoni. "Amenyamaza."

"Na baada ya hapo ukakaa kuziba ncha. Mtu amekufa miguuni pako, wewe unazungusha utepe."

"Mvua ilikuwa inakuja," alisema, kama vile hakuna jibu jingine duniani.

Inspekta alihisi hasira ikimpanda, na hakujua imwelekee nani kwanza.

"Asubuhi wamempiga Sumaku. Wamemvunja jino. Ulikuwa wapi?"

"Hapahapa mtaani. Nilimsikia."

"Na ukanyamaza tena."

Mzee akainamisha kichwa. Akanyoosha mikono mwenyewe. Kabla pingu hazijafunga, alifunika nyuzi zilizobaki kwa kitambaa safi.

* * *

Mama aliinuka kwenye benchi alipomwona kaka yake akiingizwa na pingu. Alisikiliza yote pale pale, mzee akiyarudia kwa sauti ya chini. Askari walidhani ataanguka. Hakuanguka. Alimsogelea kaka yake, akamkamata ukosi.

"Uliniambia labda," alisema. "Nimekaa hapa mwezi mzima napambana na labda yako!"

Akamwachia, akarudi kuketi. Mjomba alilia hadi mahabusu.

Sumaku alitolewa. Alisaini kwa dole gumba, akamwonyesha Inspekta pengo lake jipya. "Huyu aliyenipiga, dada afande, ana mtoto anayesoma kwa simu. Namjua. Nitakuja kushtaki nikishapata supu."

"Uje," Inspekta alisema. "Nitakuandikia mwenyewe."

Kisha akaenda chumba cha vielelezo. Shati la kijana lilikuwa bado kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kwa lakiri, halijaguswa tangu siku ile. Hakuna aliyelipima, hakuna aliyechukua damu. Aliupeleka mfuko kwa mkemia kwa mikono yake mwenyewe, akasimama koridoni mpaka yule mkemia akatoka.

"Hii si pombe ya kunywa," mkemia alisema. "Ni spiriti ya kusafishia. Mtu akinywa hii hafiki kazini, anafika hospitali. Na imemwagwa kwa juu, kifuani na kolani. Nani aliandika kwamba amelewa?"

Inspekta alijua ni nani. Saini ilikuwa kwenye jalada.

Alipofika kituoni, Mkuu alikuwa anatoka, amevaa sare ya sherehe, vifungo vinang'aa. Alifurahi kumwona.

"Nimesikia fundi amekiri. Safi sana. Peleka jalada la mauaji mahakamani."

"Na la kijana?"

"Lile limefungwa."

"Kuna shati, mkubwa. Kuna mkemia."

"Nimesema limefungwa." Akashusha sauti, akatabasamu kwa ajili ya waliokuwa mapokezi. "Kampuni inazindua sasa hivi. Unataka tuwaambie nini, kwamba tuliandika kabla ya kunusa? Mambo ya wafu waachie wafu. Tumeelewana?"

Mkuu aliisubiri ile 'sawa, mkubwa' yake. Ilikuwa haijawahi kuchelewa.

Kisanduku ofisini kiliwaka kijani. Mafundi wengine walikuwa wamemalizia kazi ya Mjomba. Huko mtaani watu walipiga makofi, na makofi yao yalifika mpaka pale mapokezi.

Inspekta alimpita Mkuu, akachuchumaa mbele ya benchi, akashika mikono ya mama. Mikono ilikuwa ya baridi. Aliongea kwa nguvu, ili askari wa zamu asikie, na walioko mahabusu wasikie, na mwenye vifungo vinavyong'aa asikie zaidi ya wote.

"Mama, mwanao hakuwa amelewa. Alimwagiwa spiriti akiwa ameshakufa. Na aliyeandika kwamba amelewa, bila kumpima, amesimama hapa nyuma yangu."