Kompyuta Iliyotolewa Matangani

Haya yalimpata rafiki yangu Obura, fundi wa kompyuta hapa Kitengela, mwaka wa 2004. Aliitwa na Sydney, yule jamaa aliyebeba kompyuta ya marehemu kaka yake, Nashon, matanga hata hayajaisha, mjane akilia mlangoni. Mtu kama huyo mimi singemtengenezea hata redio.

Apdeti za kuboresha programu za kompyuta hiyo zilikuwa zinakwama. Intaneti ilipitia waya wa simu, na kila zikikaribia kuisha laini inakatika, zinaanza upya. Jioni mvua ikaja, stima ikapotea, nyumba ya Sydney ikawa giza, wao wawili wakiwa ndani. Obura akachomoa waya wa simu, radi isije ikaunguza modemu, kile kifaa kinachopiga simu ili kompyuta ipate intaneti.

Waya ukiwa bado mkononi mwake, modemu ikaanza kupiga simu. Ikalia, ikakwaruza, ikanyamaza. Kisha mtu akakohoa ndani ya ile kompyuta iliyozimika.

"Sydney," sauti ikasema, "kuja tuongee."

Obura alidhani Sydney atatoroka. Badala yake alisikia kiti kikisogezwa, viatu vikivaliwa gizani, na Sydney akijibu kwa upole, kama mtoto aliyeitwa na mkubwa wake:

"Nakuja, Nashon."