Matone Matatu Kwenye Poda ya Mama

Mama huniita Kiroboto kwa sababu siwezi kutulia mahali pamoja. Kila siku baada ya shule mimi hupitia kwenye maabara anakofanya kazi, nikakaa kwenye kiti kirefu karibu na mlango, nikafanya hesabu zangu huku miguu ikining'inia. Sharti ni moja tu: nisiguse kitu.

Mama ni mkemia. Kwa miaka tisa amekuwa akiunganisha chembe za metali na chembe za kaboni ili zifanye vyumba vidogo mno, vitupu ndani, ambavyo jicho haliwezi kuviona. Vikiwa vingi huonekana kama unga mweupe tu. Lakini poda hiyo hunywa maji yaliyomo hewani, na ukiipasha moto huyatoa. Mama anataka watu wa sehemu kavu wapate maji kwa njia hiyo.

"Inakunywaje, na mdomo haina?" nilimwuliza.

"Ina vyumba vingi, mwanangu. Maji yanaingia yenyewe, kama wageni."

Jibu hilo halikunitosha. Ijumaa jioni Mama alipima poda mpya, akaiweka kwenye kisanduku cha kioo ili ikae na hewa yenye unyevu mpaka asubuhi. Kabla hajakifunga, simu ikalia, akatoka. Nilichovya kidole kwenye chupa yangu ya maji, nikadondosha matone matatu. Poda iliyanywa papo hapo! Nilirudi kitini mbio. Mama akaingia, akafunga kisanduku, tukaenda nyumbani.

Jumamosi asubuhi tulirudi pamoja. Mama aliipima poda, akaikuta nzito kuliko siku zote, akaipima tena. Akamwita fundi wa mizani, mzee mcheshi tunayemwita Babu Gramu.

"Mama Kiroboto, poda yako leo ina kiu ya ngamia!" alisema.

Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Miaka tisa! Saa sita mchana natuma taarifa kwa wenzangu. Wanaisubiri."

Nilitoka nje, nikarudi. Nikaenda kunawa mikono, ingawa haikuwa na uchafu. Nilijiambia matone matatu si kitu. Kisha nikajiambia nikinyamaza, Mama ataendelea kucheka. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na nusu, na Mama alikuwa anaandika kwenye kompyuta bila kuinua kichwa.

"Una nini leo?" Babu Gramu alinitania. "Hata kiroboto hupumzika."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilizunguka meza mara mbili, kisha nikasimama mbele ya Mama.

"Mama, usitume."

"Kwa nini?"

"Jana niliinywesha maji. Matone matatu. Nilitaka kuiona ikinywa."

Mikono yake ilisimama. Babu Gramu akatazama sakafu. Mama alivua miwani, akaiweka mezani. Afadhali angenifokea.

"Kwa hiyo uzito ule ni maji yako," alisema mwishowe.

Nililia. Yeye akafungua daftari la maabara. Nilidhani atauchana ukurasa wa asubuhi ile, lakini alipiga mstari mmoja mwembamba juu ya namba, na namba bado ikasomeka. Akanipa kalamu.

"Andika kilichotokea. Weka tarehe na jina lako."

Niliandika.

"Humu hatufichi kosa," Mama alisema. "Tunaliacha lionekane, tunaeleza. Ningetuma ile namba, wenzangu wangerudia jaribio na wasipate kitu. Siku nikiwa na la kweli, nani angeniamini? Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, hata kama uongo wenyewe ni wa kunyamaza. Na siku nyingine ukitaka kuona, uliza. Kuuliza si ujinga."

Alikisafisha kisanduku, akapima poda nyingine, akaanza upya. Jumapili ile sikula vizuri hata kidogo.

Jumatatu baada ya shule niliingia maabara nikihema. Mama alikuwa mbele ya mizani. Poda ilikuwa imekunywa maji kidogo kuliko yale ya Jumamosi, ila yalizidi kidogo yale ya mwezi uliopita.

"Ni kidogo tu," nilisema kwa huzuni.

Mama aliandika namba kwenye daftari, akatabasamu.

"Ni kidogo," alijibu, "lakini hiki naweza kumwonyesha mtu yeyote."