Pikapu ya Gichuru Yapimwa Oili

Gichuru ana duka Kiplombe, nje kidogo ya mji wa Eldoret. Kila asubuhi hufungua dirisha, hupanga mkate, hupanga sukari, kisha huanza kuwapa wateja ushauri ambao hawakuomba. Gichuru anajua kila kitu. Anajua kwa nini mahindi ya jirani ni mafupi. Anajua daktari alikosea wapi. Mkewe, Waiyego, husema kama mume wake angekuwa redio, angalau angekuwa na kitufe cha kumzima.

Ijumaa moja ya mwaka 2010, duka lilifungwa mapema. Jumapili mtoto wao wa kwanza angebatizwa. Mtoto aliitwa Wangari, jina la nyanya yake, mama wa Gichuru. Nyanya mwenyewe, ambaye kila mtu alimwita Cucu, alikuwa Nyahururu. Alitoroka Kiplombe mwanzo wa 2008, wakati wa vita vya makabila vya baada ya uchaguzi. Gichuru na Waiyego, waliotoroka naye, walirudi mwaka uliofuata. Cucu alikataa kabisa. Sasa alikuwa amekubali kuja kumwona mtoto, lakini kwa masharti.

"Kuja unichukue na hiyo pikapu yako," alimwambia Gichuru kwa simu. "Lakini ikizima hapo milima ya Timboroa, mimi nitajua Mungu hataki nirudi huko. Nitashuka, nitavuka barabara, nitarudi Nyahururu. Na usinipigie tena."

Gichuru aliamua kubadilisha oili ya injini kabla ya safari. Tena kwa mikono yake.

"Peleka kwa makanika," Waiyego akamwambia.

"Makanika ana nini ambacho mimi sina?"

"Gereji."

Gichuru akajifanya hakusikia. Aliweka mawe kwenye magurudumu, akaingia chini ya pikapu, akafungua nati. Oili ya zamani, nyeusi kama chungu, ikamwagika kwenye beseni. Akafunga nati. Akatoa filta ya zamani, akaweka mpya. Kisha akaanza kumimina oili mpya kutoka kwa galoni.

Baada ya kumimina kidogo, alichomoa dipstiki, kile kijiti cha chuma cha kupimia oili. Dipstiki ina alama mbili. Oili ikifika alama ya juu, imetosha. Ikiwa chini ya alama ya chini, injini ina njaa. Gichuru akatazama. Oili ilikuwa imefika alama ya juu.

"Ona," akamwambia mkewe. "Galoni bado ni nzito hivi, na injini imeshiba. Siku hizi hainywi sana. Imeokoka."

Wakati huo Jepkosgei alikuwa akipita njiani na mkebe mtupu wa maziwa. Jepkosgei ni jirani yao, wa kabila lile jingine. Hukusanya maziwa ya wakulima kwa pikapu yake mwenyewe, na huitengeneza mwenyewe. Alisimama akaangalia galoni. Akaangalia pikapu. Ilikuwa imeegeshwa kwenye mteremko wa kando ya duka, pua ikitazama chini, kuelekea barabarani.

"Baba Wangari, umepima hapo hapo?"

"Nimepima. Imejaa."

"Haijajaa. Gari imeinama, oili yote imekimbilia mbele, na dipstiki yako iko mbele. Hata chai ukiinamisha kikombe, upande mmoja itaonekana imejaa."

"Jepkosgei, hii gari mimi naijua."

"Gari ndiyo haijui kama unaijua."

Waiyego alicheka mpaka mtoto akaamka. Kisha akaacha kucheka. "Baba Wangari, pima tena. Cucu akishuka Timboroa, si mimi nitaenda kumbembeleza."

Gichuru akatoa mawe, akaingia kwenye usukani huku akinung'unika.

"Sasa iwashe," Jepkosgei akasema, "lakini usiipige resi ikanguruma. Filta ni mpya, iko kavu. Wacha ijinywee kwanza."

Taa nyekundu ya oili iliwaka, kisha ikazimika. Gichuru aliipeleka pole pole hadi uwanjani mbele ya duka, mahali tambarare. Jepkosgei akachungulia chini ya injini kama kuna tone. Hakukuwa na tone.

"Zima. Tungoje kama dakika kumi, oili ishuke yote chini. Ukipima saa hii, nyingine bado iko juu."

Wakakaa kwenye kreti za soda. Jepkosgei akauliza, "Lakini kwa nini kila siku unaegesha ukiangalia barabara hivyo? Hata ukienda kununua nyanya."

Gichuru aligeuka kuangalia ule mteremko. "Ile usiku ya kutoroka, gari ilikataa kuwaka," akasema. "Tangu hapo naiacha ikiangalia chini. Ikikataa, itateremka yenyewe."



"Ilikataa kuwaka, na nani aliisukuma?" Jepkosgei akauliza.

"Wewe."

"Nilisukuma mpaka kiatu kikabaki kwa matope. Mama yako yuko ndani anaomba, na vile yeye ni mzito. Sasa ni mimi unanitorokea?"

Gichuru akaanza kutabasamu, akashindwa kujizuia, akacheka. Waiyego akacheka zaidi. Jepkosgei akasimama. "Haya, chomoa dipstiki. Panguza na kitambaa safi. Rudisha mpaka mwisho. Chomoa tena. Angalia pande zote mbili."

Gichuru alifanya hivyo. Oili ilikuwa imegusa ncha tu, chini kabisa ya alama ya chini.

"Na hii ndiyo ilikuwa ipande Timboroa," Waiyego akasema taratibu.

Gichuru akachukua galoni.

"Kidogo kidogo," Jepkosgei akamwonya. "Ikizidi alama ya juu pia ni shida. Inafanya povu, na povu hailainishi kitu."

Akamimina kidogo, akangoja, akapima. Akamimina tena. Mwishowe oili ikasimama karibu na alama ya juu. Alipoinua beseni la oili chafu amwage kwenye mtaro, wanawake wote wawili walimkemea pamoja. Maji ya mtaro ule hufika shambani. Akaitia kwenye galoni kuukuu, akaipeleka gereji wanakoikusanya.

Jumamosi pikapu ilipanda Timboroa ikienda, ikapanda tena ikirudi. Cucu alifika Kiplombe akiwa amekaza kitambaa kichwani na mdomo pia. Kisha akapewa Wangari mdogo, na mdomo ukafunguka. Jumapili, baada ya ubatizo, yeye na Jepkosgei walikula, wakaimba, wakasemana kuhusu nani amenenepa.

Jumatatu asubuhi injini ilikuwa baridi. Gichuru alipima tena pale mahali tambarare. Sawa kabisa. Akaenda kumtafuta mama yake. Alimkuta nyuma ya nyumba ameshika jembe, nusu ya shamba la maharagwe imekwisha kulimwa.

"Mama, oili iko sawa. Twende nikurudishe."

Cucu hakuinua kichwa. "Kama iko sawa, enda Nyahururu uniletee kitanda changu," akasema. "Na wale kuku. Endesha pole, wanataga."