Ukurasa Mweupe wa Mama Mdogo

Mama Mdogo alikuwa fundi cherehani. Alishona karibu na dirisha mchana kutwa, kwa sababu alikuwa na presha ya macho. Kila baada ya miezi mitatu alikwenda kliniki kupimwa na kuchukua dawa ya matone.

Jumapili moja, binti wa marehemu dada yake alikuja kumsalimu. Mama Mdogo ndiye aliyemlea. Sasa binti alikuwa fundi wa tovuti, na alikaa mtaa wa mbali.

"Shikamoo, Mama Mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nitungie uzi. Jicho la kushoto limegoma."

Binti alishtuka. "Kliniki wanasemaje?"

"Sijaenda. Siku hizi nafasi inaombwa mtandaoni, kwa simu. Kila nikifungua ukurasa wao, naona weupe mtupu. Nikajua bado hawajaanza kuandikisha."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa nne huu. Sikutaka kukusumbua, una kazi zako."

Binti akaichukua simu ile kuukuu, akafungua ukurasa. Ulikuwa mweupe kama sanda. Akaketi sakafuni. Ukurasa ule aliutengeneza yeye.

Kesho yake alimpeleka kliniki. Daktari alimpima kwa muda mrefu.

"Jicho la kulia tutalilinda kwa dawa," alisema. "La kushoto limekwenda. Mshipa ukishakufa haufufuki."

Binti alitoka nje akalia. Kisha akaenda kwa mama aliyetunza kompyuta za kliniki. Wote walimwita Bi Nyaya.

"Kwangu ukurasa unafunguka vizuri," binti alisema. "Nimekosea wapi?"

"Simu yako ni mpya," Bi Nyaya alijibu. "Fomu nzima umeijenga kwa skripti. Skripti ni maagizo tunayoipelekea simu ya mtu iyatekeleze yenyewe. Simu ya mama yako haiyaelewi. Umempelekea unga, naye hana jiko."

"Basi nizifute zote?"

"La, zina faida. Mtu akikosea namba, anaonywa papo hapo. Hasubiri jibu kutoka huku, na kompyuta yetu haielemewi. Lakini fomu yenyewe iandaliwe huku kwenye kompyuta yetu, imfikie ikiwa imekamilika. Simu ikiweza skripti, vizuri. Isipoweza, mtu ajaze tu na kutuma."

"Na kukagua majibu?"

"Kagua tena huku. Kilicho kwenye simu ya mtu kimo mikononi mwake. Anaweza kukizima au kukibadili. Juzi tulipokea ombi la tarehe thelathini Februari! Na siri za wagonjwa usizitie kwenye skripti. Yeyote anaweza kuzisoma."

Jioni ile binti alipiga magoti mbele ya mlezi wake.

"Mama Mdogo, ukurasa ule niliutengeneza mimi. Sikuujaribu kwenye simu kama yako."

Mama Mdogo aliiweka sindano chini. Machozi yakamtoka macho yote mawili, linaloona na lisiloona.

"Umekosa, mwanangu. Sitakuficha," alisema. "Lakini wako wangapi wenye simu kama hii, ambao bado wana macho mawili? Nenda kawafungulie mlango."

Binti alifanya kazi juma zima. Aliazima simu kuukuu za wauguzi na wafagizi, akaujaribu ukurasa kwenye kila moja. Aliongeza pia namba ya kupiga, kwa asiyeweza kujaza fomu.

Baada ya miezi mitatu Mama Mdogo aliomba nafasi mwenyewe, kwa simu yake ileile. Daktari akakuta jicho la kulia halijapungua nguvu.

Walipokuwa wanatoka, muuguzi wa mapokezi alimwita binti.

"Tangu ubadilishe ukurasa, wamekuja wagonjwa thelathini na saba waliokuwa wamepotea. Sisi tulidhani wamepona."

Binti aligeuka. Aliwatazama watu waliokaa kwenye benchi wakingoja kuitwa, mmoja baada ya mwingine. Kisha akamshika Mama Mdogo mkono wa kushoto, upande asioona, wakashuka ngazi polepole.