Mlango wa Saba

Kila alasiri, akitoka shule, Chiriku alipitia karakana ya shangazi yake, fundi wa kompyuta. Alifagia vipande vya waya, akapanga bisibisi, kisha akaketi mbele ya kompyuta kuukuu ya pembeni. Walimwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo, lakini hapo alitulia kama maji mtungini.

Alikuwa akiunda upya mchezo wa zamani wa kompyuta ambao shangazi aliucheza utotoni: msichana anatafuta njia ya kutokea katika nyumba yenye milango mingi. Chiriku alichora upya kuta na taa. Palipokwama, aling'oa kufuli za programu asizojua zilizuia nini.

"Mwenye mchezo umemwomba ruhusa?" shangazi aliuliza.

"Aa, shangazi! Hauuzwi hata dukani. Nani atauulizia?"

Akauweka mtandaoni. Wiki haijaisha, watu elfu mbili walikuwa wameuchukua. Chiriku akavimba kichwa.

Siku moja mwenzake wa dawatini akamnong'oneza, "Yule mtoto wa mlango wa saba umemtoa wapi? Ananitia hofu."

"Mtoto gani? Mimi sikuweka mtoto."

Alasiri ile alivaa spika za masikioni, akacheza hadi mlango wa saba. Ulifunguka wenyewe. Ndani hakuna ukuta wala taa, weusi mtupu. Kwanza akasikia pumzi, karibu mno, kama mtu aliyesimama begani pake. Kisha sauti nyembamba ikahesabu polepole: "Moja... mbili... tatu..." Ikakohoa. "Mama, umeshajificha?"

Akageuka. Nyuma yake palikuwa na kiti kitupu tu.

Alipofungua barua pepe, alikuta ujumbe kutoka kwa mwanamke asiyemjua.

"Mchezo huo tuliutengeneza mimi na marehemu mume wangu, na haki zake ninazo mimi. Sauti hiyo ni ya binti yetu. Tulimrekodi tukicheza kujificha, wiki chache kabla hajafariki. Baba yake aliifungia sauti hiyo katika chumba ambacho hakuna mchezaji angekifikia. Jana nimemsikia mwanangu akiniita kutoka kwenye simu ya mpita njia, na watu wanacheka. Nakuomba uuondoe."

Chiriku alimsomea shangazi, machozi yakimlenga. Aliitazama ile idadi ya elfu mbili kwa mara ya mwisho, akaufuta mchezo. Kisha akawaandikia waliouchukua, mmoja mmoja, akiwasihi waufute nao. Wengi walikubali. Wengine hawakujibu mpaka leo.

Shangazi akampigia yule mama kwa namba iliyokuwa kwenye ujumbe, akampa Chiriku simu.

"Nisamehe, mama. Sikujua."

"Ungeniuliza, ningekueleza," mama alisema. "Zile kuta umezichora vizuri, mwanangu. Nitakuruhusu uurudishe, ila chumba kile kifunge, na majina yetu sote watatu uyaandike mwanzoni."

Chiriku alipoweka simu chini, shangazi alivuta kiti, akaketi karibu naye.

"Kitu kukosekana dukani si kukosa mwenyewe," alimwambia. "Kazi ya mtu ina mengi ndani yake usiyoyaona. Kipaji unacho, sikatai. Lakini bisha hodi kwanza, usubiri uitikiwe."